Sakafu Mbichi ya Lango la Shundwa

Nisimulie, nisisimulie?

Simulia, bibi.

Nianzie wapi?

Anzia mbali.

Basi naanzia mbali, zamani hizo bibi wa bibi yangu hajaota jino, na kuku walikuwa bado wanawaamkia wakubwa. Wewe mwenye kaptula ya kijani, mwache paka. Kisa hiki hakimhusu.

Palikuwa na mji wa bandari ukiitwa Shundwa. Ukuta huku, ukuta kule, na lango moja tu la kutokea bandarini. Ndani ya lango palikuwa na njia ya hatua ishirini, nyembamba, ukuta kwa ukuta, na sakafu yake ilikuwa imepasuka hata punda wakijikwaa. Mwenye kuitunza alikuwa Bi Mize, mke wa bawabu, mama wa watoto saba, mwanamke asiyependa kusema jambo mara mbili.

Siku Jumbe, mkuu wa mji, alipoondoka na askari wake wote kwenda ugenini kuoa mke wa nne, Bi Mize alimwambia, "Jumbe, kabla hamjaondoka, wape askari kazi ya kuung'oa mlango wa lango. Nataka kupiga sakafu mpya."

"Na jeshi likija?"

"Jeshi gani litakuja Jumanne?"

Askari sitini wakaung'oa mlango, wakaulaza nje, upande wa bandari, upakwe mafuta. Wakaenda zao harusini. Wanawake wakamwaga chokaa, wakapigilia na kuimba, wakapigilia na kuimba, sakafu ikang'aa kama sahani.

Jumanne jeshi likaja.

Merikebu arobaini, wanangu, za Amiri Shaali kutoka Visiwa vya Mbali. Jua halijapanda sana, ameshateka gati, ameshateka maghala, ameshateka soko la samaki pamoja na mzee mmoja aliyekataa kuamka. Kisha akaja langoni mbio na watu wake elfu, akakuta lango halina mlango.

Bi Mize alikuwa ameketi kwenye kigoda, mwisho wa ndani wa ile sakafu. Alijua kabisa: mji huu ukienda leo, umekwenda kwa sababu yangu.

"Mke wangu, tukimbie," mumewe Vuai alinong'ona nyuma yake.

"Kimbia wewe na hao saba. Mimi nina sakafu."

Akasimama, akanyoosha kidole. "Hapo hapo. Sakafu mbichi."

Jeshi zima likasimama. Msicheke. Mwanamume hata awe na panga mbili, sauti ile anaijua tangu anatambaa.

Askari mmoja jeuri, Silima, akatia mguu. Chokaa mbichi haina adabu, ikamuunguza unyayo, akatoka akirukaruka kwa mguu mmoja kama kunguru.

"Haya, furahi," Bi Mize akamwambia. "Shika ubao, usawazishe ulipoharibu. Kwenu mmelelewa na nani?"

Silima akasawazisha, akiinamia pembeni, machozi yakimtoka.

Amiri Shaali akaja mbele na kilemba chake kirefu. "Mama, mimi nimekuja kuuteka mji huu."

"Nakuona, baba. Utauteka sakafu ikikauka."

"Naweza kukupiga mshale."

"Nipige. Nitaangukia sakafu, uipigilie upya wewe."

Amiri akafikiri. Akaona ni kazi. "Inakauka lini?"

"Keshokutwa, kama jua halitaipasua."

Basi likaketi jeshi. Asubuhi Amiri akauliza, "Imekauka?" "Bado." Adhuhuri akauliza, "Imekauka?" "Bado, na hilo jua litaipasua." Wakashusha matanga ya merikebu, wakaweka kivuli. Alasiri akauliza, "Imekauka?" "Bado, na mbuzi wale watapita." Akaweka askari mia kufukuza mbuzi na hamsini kufukuza kuku. Kazi ya vita ikawa shh, shh, kutwa nzima. Bi Mize naye hakutoka pale kigodani, akiyahesabu masaa, maana sakafu ikishakauka hana neno jingine la kuwazuia.

Siku ya tatu ikakauka. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia koko. Amiri aliisikia. Hapakuwa na la kuficha.

"Imekauka," akasema Amiri, akainua mguu.

Bi Mize akainua kidole. "Ngoja, baba. Huu mji unauteka, au unapita tu?"

"Nauteka."

"Utakaa?"

"Nitakaa, na wajukuu zangu watakaa."

"Na kesho akija mwenye merikebu themanini kukupora mji wako, utamzuia na nini? Mlango wako umelala jua kali pale nje."

Amiri akageuka, akautazama mlango. Wake. Moyo ukamlainika. "Mama huyu ana akili," akawaambia watu wake. "Upachikeni."

Watu sitini wakaunyanyua, wakaingiza mbao zake zote mbili mahali pake, wakihema.

"Unakaa sawa?" Amiri akauliza.

"Nitajuaje ukiwa wazi? Tokeni nje nyote, shikeni pete za mlango, mvute tuone."

Wakatoka. Wakashika pete. Wakavuta.

"Bado kidogo upande wa kushoto," Bi Mize akasema. "Silima, vuta kama mtu aliyekula."

Silima akavuta. Mlango ukafungika ndii. Bi Mize, Vuai ambaye hakukimbia, na wanawake wote wa mji wakaliangusha komeo.

Kisha sauti ya Amiri, taratibu: "Mama, unakaa sawa?"

"Unakaa sawa sana, baba. Ahsanteni."

"Mama, sisi tuko nje."

"Ndiyo, baba."

Wakakaa nje mpaka chakula kikaisha, wakatweka matanga yao yenye vumbi la chokaa, wakaenda. Na huko Visiwa vya Mbali mpaka leo wanajisifu kwamba waliuteka mji wa Shundwa wote, isipokuwa ndani.

Funzo lake ni hili: ukiombwa kufunga mlango, kwanza tazama umesimama upande gani. La pili halina haja ya kisa: sakafu mbichi haikanyagwi.

Kisa kimefika mwisho, na mimi nimefika mwisho. Aliyekipenda akibebe, asiyekipenda akakoshe vyombo.