Nani Alimfikisha Felista Bondeni?

Sogeeni karibu. Na wewe mwenye mdomo wa kubisha, uweke akiba, tutauhitaji mwishoni.

Katika mji mmoja wa nyanda za juu, kule ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi, palikuwa na kituo kidogo cha televisheni, na wanawake watatu ndio waliokibeba. Wa kwanza, jina lake Sikudhani, alikuwa mpiga picha. Kamera yake haikujua kutulia. Ilikimbia, ilizunguka, ilichungulia, na watu waliipenda kwa hilo. Yudita alikaa mlimani kwenye mnara na mitambo ya kurushia mawimbi. Na katikati yao, ndani ya gari la matangazo, alikaa Anzelma, akizibana picha za Sikudhani ziwe nyepesi, zipate kupita katika njia ya Yudita. Kazi hiyo haionekani. Mama mkwe wake alizoea kumuuliza, "Hivi humo kwenye gari huwa unafanya nini?" Swali lililofuata lilikuwa la mtoto, maana Anzelma hakujaliwa, na kila mara lilimuuma upya.

Sasa, Felista binti Mgaya alikuwa anabarikiwa kuwa mchungaji. Baba yake alimpinga miaka na miaka. Safari hii Mzee Mgaya alikuwa kitandani huko bondeni, nyuma ya vilima, hawezi hata kukaa, na moyo umelainika. Akatuma neno: "Nataka niuone uso wa mwanangu akiinua mkono kubariki. Nikiuona, basi." Felista, tumbo limeshakuwa kubwa, alilia sana.

Kituo kikaamua kuirusha ibada hiyo moja kwa moja, na siku ya majaribio jirani wa Mzee akapiga simu: "Jamani, huku giza tupu!" Enzi zile ungepata angalau chenga, ukazungusha antena, ukaona kivuli cha mtu. Haya ya kidijitali hayana huruma. Mawimbi yakidhoofu, unapata vipande vipande. Yakidhoofu zaidi, hupati kitu.

"Naweza kuyafikisha," Yudita akasema kwenye simu kutoka mlimani. "Kuna mtindo wa kurusha unaovumilia vilima. Ila unabeba kidogo, njia itabaki kama nusu. Meneja atanigombeza. Anigombeze."

"Basi tushushe kiwango cha ubora, twende na picha ya kawaida, isiyo kali," Sikudhani akasema.

Anzelma akakataa. "Madhabahu yote lazima iwemo, ibada ni ya mji mzima. Kwa picha ya kawaida uso wa Felista utakuwa doa tu. Mzee hakuomba doa. Sikiliza, dada: kisichosogea nakituma mara moja, kinachosogea ndicho kinachokula njia. Kamera ikitulia kabisa, nitaipitisha picha yote na ubora wake."

"Mimi nitulie?"

"Utulie kama msumari."

Jumapili ikafika. Mlimani mvua ilinyesha ya kuchapa, na umeme ukakatika katikati ya ibada. Betri zikashika kwa muda mfupi. Yudita akatoka mbio, akateleza, akainuka, akawasha jenereta kabla betri hazijaisha. Goti lake linauma hadi leo.

Kanisani kwaya iliingia ikicheza, ngoma zinalia, na kila kiungo cha Sikudhani kilitaka kuifuata. Hakusogea. Watu wa mjini wakaanza kutuma ujumbe: "Leo Sikudhani kalala?" Aliusoma, akabaki pale pale.

Ndani ya gari, kwaya ilikula njia yote, na picha ikaanza kukatika vipande. Hakuna mashine iliyojua nani anangojewa bondeni. Anzelma alijua. Akayapunguzia maua ubora, akazipunguzia nguzo zikafifia, akaupa uso wa Felista kila kilichobaki.

Felista akainua mkono. Bondeni, Mzee Mgaya naye akauinua wake. Akamwambia jirani, "Mtoto akiwa wa kike, apewe jina la yule aliyemfikisha mwanangu hapa kitandani kwangu." Maskini, alidhani ni mtu mmoja. Alfajiri akafariki.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Felista akawaita wote watatu, ajue jina ni la nani.

"Bila mimi lilikuwa giza," akasema Yudita.

"Na ungerusha nini, ukungu?" akajibu Sikudhani. "Mimi niliitupa sifa yangu mbele ya mji mzima."

Ikabaki zamu ya Anzelma. Alitaka sana mtoto apewe jina lake. Lisipobaki kwa mtoto huyu, litabaki kwa nani? Lakini aliijua ile njia kuliko wote, na alijua hakuna kilichopita humo bila wale wawili.

Felista akampakata mtoto mapajani. "Dada Anzelma, wewe ulipokea kwa huyu ukampa yule. Wewe ndiye unayejua. Nimwite nani?"

Mtoto akakishika kidole cha Anzelma, akakikaza. Anzelma akafungua mdomo.

Hapo ndipo ninapomwacha. Haya, wabishi, zamu yenu. Yule aliyeifungua njia, yule aliyeiacha sifa yake, au yule aliyejua uso upi usipotee? Na usinijibu ukiwa umekaa hapo kwa raha zako. Kaa alipokaa Anzelma, kidole chako kimeshikwa vile, kisha uniambie: ungetamka jina gani?