Talaka ya Tatu ya Mpira wa Maji

Fumba macho kidogo, mwanangu, uone. Lione jengo jipya la ghorofa tatu, pande zote vioo vitupu, mpaka mawingu yakipita yanajitazama humo na kujitengeneza nywele. Chini yake wapo watu watatu waliolowa chapachapa, wanacheka huku wameshika mbavu. Na katikati yao, juu ya kokoto, kimelala kitu kidogo mfano wa ndizi, kimevishwa kama bwana harusi. Umekiona? Haya, fumbua macho, nikueleze kilifikaje hapo.

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani ya juzijuzi tu, mji wa Mng'aro ulikuwa na waosha vioo watatu. Kidawa alikuwa mpole, mwenye haya, na mkono wake haukuacha alama kwenye kioo. Machano alikuwa mrefu kama mlingoti, na mdomo wake haukujua kupumzika. Sikudhani alikuwa shangazi wa watu, mwenye nguvu za kubeba gunia, lakini aliogopa kupanda hata kigoda. Ndiyo maana yeye alikaa chini na pampu.

Walikuwa na mti mrefu wenye brashi kichwani, na mpira wa maji uliotoka kwenye pampu mpaka kwenye brashi. Mpira wenyewe ulikuwa vipande viwili, vimeungwa katikati kwa kiungio cha plastiki. Mafundi husema kiungio kina dume na jike: dume linaingia, jike linalikumbatia, kinalia ta! na maji yanapita. Basi watatu hawa wakakiita ndoa. Kila asubuhi Sikudhani alipokiunganisha alipiga kigelegele. Na kila kiungio kilipogongwa kikaachana, maji yakamruka mtu usoni fyaa! wote walipiga kelele: "Talaka!"

Jengo lile lilikuwa la Bi Mwanakheri, nao walikuwa wakilitayarisha kwa ufunguzi. Siku ya kwanza Machano aliuvuta mpira kama anavuta ng'ombe mbishi, kiungio kikanasa kwenye chungu cha maua. "Talaka!" Wakakirudishia. Siku ya pili Sikudhani aliuacha mpira njiani, toroli la mchanga likapita juu yake. "Talaka!" Wakakirudishia tena, lakini safari hii Sikudhani alikigeuzageuza juani, na kicheko kikamwisha.

"Jamani, jike limepata ufa. Mwembamba kama unywele, lakini ni ufa. Ndoa hii imebakiza talaka moja, na ya tatu haina kurejeana."

Duka la viungio lilikuwa mji wa mbali, siku mbili kwenda na mbili kurudi. Na ufunguzi ulikuwa kesho yake, alasiri.

Bi Mwanakheri aliposikia, akawaambia: "Juu ya paa pana kijumba cha kioo, nafasi yake ni ya watu wawili tu. Ukisimama pale unaiona nchi yote, mpaka vilima vya Mbono. Kesho nitapanda na mtu mmoja. Keshokutwa mafundi wanakibomoa waweke tangi, na hapatapandwa tena. Basi atakayeilinda hiyo ndoa yenu mpaka kioo cha mwisho king'ae, nafasi ni yake, au ampe amtakaye."

Moyo wa Kidawa ukaruka. Bibi yake, Bi Siwema, alizaliwa Mbono. Aliletwa Mng'aro akiwa bibi harusi, na tangu siku ile hakuwahi kurudi kwao. Sasa ukungu ulikuwa unatanda machoni mwake, kila wiki mzito zaidi. Na kila jioni alimuuliza mjukuu wake, "Kidawa, huko kwenye vioo vyako, Mbono unaiona?"

"Siioni, Bibi. Mti wangu mrefu, macho yangu mafupi."

Jioni ile Kidawa alimsimulia habari ya kiungio. Bi Siwema akainama, akavua soksi nene ya sufi mguuni, mguu wa kushoto. "Kakivishe hii. Mimi na babu yako tulidumu miaka hamsini, na siri yetu ilikuwa miguu yenye joto."

Asubuhi Kidawa akafika na soksi yake mfukoni. Kumbe si yeye peke yake aliyejitayarisha. Machano alikuja na chupa mbili za plastiki zilizokatwa, zimebaki shingo na mabega. Sikudhani alikuja na ukanda wa tyubu ya baiskeli.

"Soksi?" Machano akacheka. "Kwani kiungio kina mafua?"

"Na chupa je? Kwani kina kiu?" Kidawa akajibu, mwenyewe akashangaa alivyojibu.

"Nyamazeni nyote," alisema Sikudhani. "Ndoa inataka kukazwa! Nipisheni na tyubu yangu."

Wakabishana mpaka maji yakajaa kwenye ndoo na kumwagika. Mwisho Sikudhani akapiga paja. "Hivi bwana harusi gani anachagulishwa kati ya kanzu na joho? Avae zote!"

Wakamvisha. Soksi ikawa kanzu. Tyubu ikazungushwa juu yake, ikakazwa, ikawa mshipi. Chupa mbili zikavaliwa juu ya yote, mabega yakikutana katikati na shingo zikitazama nje, zikawa joho. Sikudhani akapiga kigelegele, kazi ikaanza.

Saa mbili Machano akasahau, akavuta tena kama anavuta ng'ombe. Kiungio kikaenda mbio kwenye kona ya ukuta. Lakini chupa zilichongoka kama pua ya samaki. Zikagusa kona, zikateleza, zikapita. Je, ndoa ilivunjika? Haikuvunjika!

Saa nne beberu aliyeletwa kwa karamu ya ufunguzi akakata kamba. Akapita katikati ya masufuria, pembe zikauzoa mpira, akazunguka nao jengo zima. Wapishi wakamfukuza beberu, Machano akaufukuza mpira, Sikudhani akakumbatia pampu isiondoke. Mpira ukavutika mpaka ukalia. Tyubu ikanyooka, ikang'ang'ania, haikuachia. Beberu ndiye aliyechoka. Je, ndoa ilivunjika? Haikuvunjika!

Saa tisa kikabaki kioo kimoja tu. Kidawa alikuwa kwenye roshani ya ghorofa ya pili, ameuinua mpira juu ya ukingo ili kiungio kisiburutwe chini, na Machano yuko chini ameshika mti. Akatazama chini. Bi Siwema anakuja, amevaa kanga mpya, mkongojo mkono mmoja, mguu mmoja una soksi na mwingine mtupu. Kidawa akafurahi akampungia. Akampungia kwa mikono miwili.

Mikono miwili, mwanangu!

Mpira ukamponyoka. Kiungio kikashuka, kikagonga ukingo wa roshani ya chini, chupa zikapasuka vipandevipande, kikaangukia kokoto, puu! kama kiazi. Machano kwa mshtuko akauangusha mti, brashi ikawanyeshea yeye na Sikudhani. Kidawa aliposhuka ngazi mbiombio, ikamnyeshea na yeye. Hakuna aliyetaka kutazama. Sikudhani akafungua mshipi, akavua kanzu, akafumba jicho moja, akachungulia. Ufa ulikuwa uleule, mwembamba kama unywele. Je, ndoa ilivunjika?

Haikuvunjika! Sikudhani akakivisha tena kanzu na mshipi, akakilaza palepale juu ya kokoto, ndipo wakacheka vile ulivyowaona mwanzo.

Wakaosha kioo cha mwisho. Kikang'aa. Bi Mwanakheri akaja na ufunguo wa paa. "Haya, nani anapanda nami?"

Machano akawa wa kwanza, kama kawaida yake. "Mimi! Bila chupa zangu kingenasa kwenye kona asubuhi kweupe, na hao wengine wasingepata hata nafasi ya kujisifu. Na kilipoanguka, chupa zilipasuka ili chenyewe kisipasuke. Halafu mchumba wangu yuko Mbono, wiki ya tatu hii hanijibu. Nikimpungia kutoka huko juu atalegea."

"Atakuona mdogo kama sisimizi," alisema Sikudhani. "Nipisheni mimi. Beberu alikuwa anaivuta ndoa nzima, chupa zimekaa zinatazama, soksi imelala. Nani alishika? Tyubu! Nami ndiye niliyesema avae zote. Bila neno langu mngekuwa mnabishana mpaka sasa."

"Lakini wewe unaogopa kigoda, shangazi!"

"Nitapanda nimefumba macho. Haki yangu haiogopi kitu."

Wakamgeukia Kidawa. Akatazama vidole vyake. "Mimi ndiye niliyekiachia," alisema polepole. "Sifichi. Lakini kilipoanguka, kilichokipokea ni soksi. Ile soksi yangu."

"Soksi ya nani?" aliuliza Bi Siwema kutoka nyuma, na watu wote wakaangua kicheko. Kidawa naye akacheka, machozi yakimlengalenga.

"Msinionee huruma," Bibi akaendelea, akigonga mkongojo. "Huyu mtoto ndiye aliyeibeba, akakivisha kiungio. Mimi nilivua tu. Lakini niliivua mguuni, na usiku ulikuwa wa baridi."

Bi Mwanakheri akamtazama Machano, akamtazama Sikudhani, akamtazama Kidawa, akamtazama bibi. Jua lilikuwa limeanza kushuka kuelekea Mbono. Ufunguo ulikuwa mkononi, mlango ulikuwa mdogo, nafasi ilikuwa moja.

Sasa niambie wewe. Mwenye chupa zilizopita kwenye kona, mwenye tyubu iliyomshinda beberu, aliyeileta soksi na kisha akakiangusha kiungio, au aliyeivua mguuni? Je, nani alistahili kupanda?

Usiharakishe kujibu. Nakuomba tu, ukiwa unawaza, ukumbuke jambo moja: kila mmoja alikuja asubuhi na nguo moja, na bwana harusi alizivaa zote.