Zege la Mtaa wa Misufini

"Ukiiziba ardhi kinywa, maji yatakuja kukunywa wewe." Leo mmemsikia fundi wa njia akiyasema maneno hayo, wajukuu zangu, nanyi mnataka kujua yalikotoka. Chanzo chake ni hiki.

Katika mtaa wa Misufini aliishi Shebughe na mama yake, Bi Mwantumu. Njia ilikuwa ya udongo, na misufi mikubwa iliitia kivuli. Masika moja Bi Mwantumu aliteleza kwenye tope, akavunjika nyonga. Hakusimama tena. Shebughe akaapa kwamba tope lile halitamwangusha mtu mwingine. Akawashawishi majirani, wakaimwagia njia yote zege, ukuta kwa ukuta, hadi kwenye mashina ya misufi.

Mama yake alikuwa akitazama dirishani.

"Mwanangu, miti itanywa wapi?"

"Msufi ni mti mkubwa, mama. Utajitafutia."

"Na mvua je? Itaingia wapi?"

"Itapita zake. Wewe pumzika."

Kiangazi misufi ilipukutisha majani, na safari hii haikuchipua tena. Watu wakasema ni uzee. Watoto walicheza bila kuchafuka, na Shebughe akasifiwa sana.

Masika yakarudi. Mvua ilinyesha mchana kutwa. Maji yakatafuta pa kuzama, yasipate. Yakajaa kati ya kuta, yakasukuma milango. Shebughe alikuwa sokoni. Alirudi akihangaika, maji yakimfika kifuani, akiita, "Mama! Mama!" Chumbani godoro lilikuwa linaelea. Mama yake alikuwa chini ya maji.

Baada ya mazishi jirani mmoja alijaribu kumfariji. "Mvua ya mwaka huu ilizidi, ndugu yangu."

"Haikuzidi," Shebughe akajibu. "Ni ileile ya tangu utoto wetu. Zamani ardhi iliinywa. Mimi ndiye niliyeiziba kinywa."

Akachukua nyundo, akaanza kuvunja zege kwenye shina la msufi mkavu. Majirani wakamsaidia. Wakapanga matofali yenye nafasi katikati, wakazijaza kokoto, wakapanda miche mipya, na kuuzunguka kila mmoja wakaacha udongo wazi. Misufi ya zamani haikufufuka.

Shebughe alizeekea palepale. Akisikia jirani anataka kusakafia ua wake wote, alikwenda kusimama mlangoni pake. Hakusimulia kisa, wala hakumtaja mama yake. Alisema tu, "Ukiiziba ardhi kinywa, maji yatakuja kukunywa wewe," kisha akarudi nyumbani kwake.