Kilima cha Mama Gwantwa

Jairo wa Tunduma alikuwa mchoraji hodari, mkono mwepesi kama wa mshonaji, lakini kinywa chake kilikuwa kizito kuuliza. Alidhani fundi anayemuuliza mteja hajaiva.

Siku moja alijiwa na Mama Gwantwa, muuguzi mstaafu, akiongozwa mkono na binti yake Elina. Macho ya mama yalikuwa yakififia. Daktari alikwisha kumwambia kwamba mwaka hautaisha kabla giza halijaingia.

"Mwanangu, nichoree kwetu Ileje, pale mtoni Songwe. Nyumba ya baba na kilima chake. Nataka nikutazame kwetu mpaka macho yajifumbe yenyewe."

"Umepata, mama," alijibu Jairo, wala hakuongeza neno.

Alisafiri mpaka Ileje, akaonyeshwa nyumba, akaketi barazani. Kwanza alichora karatasi ndogo kwa rangi za maji, upesi upesi, maana rangi hizo hazingoji na ukikosea hufuti. Penye ukungu hakupaka kitu. Weupe wa karatasi ukawa ndio ukungu. Aliporudi Tunduma akaikuza picha kwa akriliki, rangi nzito zaidi, kwenye kitambaa kipana, tabaka juu ya tabaka, akizidisha mwanga kidogo kwa kuwa akriliki ikikauka hukoza. Wiki ya tatu bonde likang'aa, na mto, na milima ya Malawi ng'ambo.

Elina alipomleta kuiona, Mama Gwantwa aliisogelea hata pua ikakaribia kugusa rangi. Akatafuta, akatafuta.

"Nyumba iko wapi?"

"Nilikaa barazani, mama. Nyumba ilikuwa mgongoni kwangu."

Elina akaangua kicheko. "Kaka, umemchorea mama nchi ya watu! Pasipoti ulikuwa nayo?"

Mama hakucheka. "Mimi nililelewa na bibi, ng'ambo huko Malawi. Kila Jumamosi nilivuka mto kurudi kwa baba. Kwetu ninakokujua mimi ni kule ninakokuona nikiwa ng'ambo, nyumba ikinitazama kutoka juu. Mbona hukuniuliza, mwanangu?"

Jairo akanywea kama kuku aliyenyeshewa. "Niliogopa utaniona mjinga."

"Na sasa nimekuonaje?"

Hapo hata Jairo alicheka, ingawa uso ulimwiva. Akavuta kigoda, akaketi miguuni pake. "Ulikuwa unasimama wapi, mama?"

"Kwenye jiwe la kufulia."

"Mwezi gani?"

"Wa tano, kahawa ikianza kuwa nyekundu."

"Na mlango? Siku hizi ni wa bati."

"Bati la nini! Ulikuwa wa mbao, buluu. Baba aliupaka mwenyewe, akampaka na mbwa."

Jairo alirudi Ileje, akavuka mto, akalipata jiwe na kuchora upya kwa rangi za maji. Kitambaa hakukitupa, kwani akriliki hukubali kufunikwa. Milima ya Malawi ikazama chini ya kilima cha Ileje, na kila jioni alipita kwa Mama Gwantwa na swali jingine.

Picha ilikauka macho ya mama yakiwa bado yanaonaona. Aliweka kidole mtoni, akakipandisha taratibu kwenye kinjia, katikati ya mibuni, hadi mlangoni. Kikasimama.

"Hodi," akasema kwa sauti ndogo.

"Karibu," Elina akaitikia nyuma yake, akishindwa kuzuia machozi.

Jairo alikuwa akiosha brashi, na hakuhitaji mtu kumfundisha tena: kuuliza si ujinga.