Jiko la Mzee Semkiwa

Palikuwa na mtu aitwaye Abeid Semkiwa, aliyejenga pamoja na jamaa kadhaa kuzunguka ua mmoja. Kila nyumba ilikuwa na mlango wake, lakini jiko kubwa lilikuwa moja, katikati ya ua. Aliyekuta majivu aliyazoa bila kuuliza zamu ni ya nani.

Ujenzi ulipokwisha, wakakaa kuchagua majina ya mahali pa wote. Bustani na baraza zikapata majina upesi. Lilipofika jiko, Abeid akaomba liitwe kwa jina la marehemu baba yake, aliyezikwa ugenini, kaburi lake halijulikani. Aliomba huku machozi yakimtoka. Nani angemkatalia mtu anayelia? Wakakubali, naye akachongesha kibao, "Jiko la Mzee Semkiwa," akakipigilia juu ya mlango.

Kesho yake jirani yake, Mama Chausiku, alifika na sufuria yake, akakisoma kibao, akasita. Kisha akapiga hodi. Hakuwahi kupiga hodi pale hata siku moja. Abeid alikuwa ndani, na moyo wake ukajaa fahari, akaitika, "Karibu." Neno dogo, tena la heshima, na ndilo lililoharibu kila kitu.

Tangu hapo wote wakawa wanabisha hodi. Na mgeni, kama mjuavyo, hashiki ufagio wa mwenyeji. Majivu yakalala. Paa likavuja, wakamsubiri Abeid. Abeid akachoka, akanuna, mwishowe naye akaacha. Mmoja mmoja wakaanza kupika majumbani mwao, milango imefungwa. Panya wakahamia jikoni. Na watoto, wakipita pale, wakawa wanasema bila ubaya wowote, "Leo Mzee Semkiwa ananuka."

Abeid aliposikia hayo alilia kuliko siku ya msiba. Akaenda kwa Mama Chausiku, akamuuliza kwa uchungu kwa nini wamemtupia jiko peke yake. Yule mama akamtazama kwa huruma.

"Ndugu yangu," akasema, "siku ile nilipiga hodi nikitumaini utaniuliza, 'Hodi ya nini, na hapa ni kwako?'"

Jioni ile Abeid aliking'oa kibao. Lakini jina halikung'oka vinywani mwa watoto, na moto wa jiko lile haukuwashwa tena.

Nanyi mliopigilia majina yenu juu ya milango ya wote, mtu akibisha hodi, mnamwitikiaje?