Vigoda vya Ikumbilo

Hodi ya kura haina kwaheri. Mmeusikia msemo huu asubuhi, bibi wa nyumba ya mwisho alipowarushia wale vijana wa fulana mpya waliomgongea mlango, nanyi mkacheka mkidhani ni ukali wa uzee. Msicheke. Endeleeni kupukuchua mahindi hayo niwaeleze, maana mkono hufanya kazi na sikio likasikia. Msemo huu hatukuachiwa na mababu. Ulizaliwa hapahapa Ikumbilo, na waliouzaa waliulilia.

Ulianza hivi. Mwaka ule chama kilikuwa kinatafuta mgombea ubunge wa jimbo letu, na kura za maoni zilipigwa kata kwa kata, siku moja kata moja, matokeo yakitangazwa jioni ileile. Kata zilikuwa saba. Ikumbilo tulipangiwa siku ya kwanza, wala si kwa heshima yoyote. Tulikuwa mwisho wa barabara, na waliopanga ratiba walitaka kumaliza safari mbaya wakiwa bado na nguvu. Lakini kila mgombea alijua kwamba atakayeshinda siku ya kwanza ataitwa mshindi, na kesho yake kata ya pili itataka kuwa upande wa mshindi. Ndivyo watu walivyo. Mbuzi mmoja akivuka, wengine hawaulizi kina cha maji.

Palikuwa na mjane aitwaye Tusekile, balozi wa nyumba kumi, tena katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana. Kwa kazi zake hizo mbili alizijua nyumba zote za Ikumbilo, nani anaumwa, nani hasemi na ndugu yake. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Lugano, aliyekaa miaka minne kwa mumewe bila kupata mtoto, na sasa alikuwa na mimba ya miezi miwili. Kati ya Ikumbilo na zahanati unapita Mto Mbaso. Kila mwaka kabla ya mvua kubwa wanaume walikata miti wakalaza magogo juu ya mto, na kila mwaka, msimu ukiisha, mto uliyachukua. Tusekile alitaka daraja la kweli kabla Lugano hajajifungua. Hakutaka kingine.

Wagombea walikuwa wawili. Mmoja alikuja na magari matatu yenye vipaza sauti, akigawa khanga. Wa pili, Gwakisa Mwambelo, mwalimu aliyeacha kazi, alikuja na baiskeli.

"Mama, sina gari, sina khanga," alimwambia Tusekile. "Nifanye nini?"

"Una miguu," Tusekile akamjibu. "Na mimi nina milango."

Akamchukua nyumba kwa nyumba. Yeye alitangulia siku moja kabla, akauliza shida ya kila nyumba, kisha akamfundisha Gwakisa, ili akiingia aulize habari ya mguu wa baba mwenye nyumba kama mtu wa ukoo. Gwakisa alimenya viazi na akina mama. Alibeba kuni. Alikuwa mwanafunzi mwepesi, hilo lazima tumpe.

Nyumba ya tatu, chai ilipokwisha, Gwakisa alitaka kusimama kuaga. Tusekile akamvuta shati, wakatoka kimyakimya. Nje akamwambia, "Usiage."

"Mama, mwenye nyumba kanipa kigoda, kanipa na chai. Nitaondokaje kama mwizi wa kuku?"

"Ndiyo maana nakukataza. Kwetu kigoda cha mgeni hakirudishwi mahali pake mpaka mgeni aage. Ukiaga, kinabebwa, nawe umeshatoka moyoni mwao. Ukiondoka bila kuaga, kinabaki palepale ulipokaa. Watoto hawakikalii. Kila wakikipita watasema, mgeni wetu hajaaga, huyu atarudi. Siku ya kura watakuwa bado wanakungoja."

Gwakisa alicheka mpaka akashika baiskeli yake. "Mama, ungezaliwa mjini ungewasumbua wakubwa!"

Tusekile naye alicheka, lakini moyo wake ulimchoma kidogo. Mama yake alikuwa amemfundisha kwamba asiyeaga ni yule tu anayetoka akarudi siku hiyohiyo, aliyekwenda kisimani au shambani. Kuitumia desturi hiyo kama chambo halikuwa jambo zuri, na alilijua. Akaufikiria mto, akamfikiria mtoto wa Lugano, akapiga hodi nyumba ya nne.

Waliingia nyumba arobaini na mbili. Hakuna hata moja iliyoagwa.

Gwakisa alishinda Ikumbilo kwa mbali. Kesho yake watu wetu wakamtangulia kwa miguu kata ya pili, wamejifungashia viazi vyao vya kuchemsha, wakipiga hodi kwa mtindo uleule wa Tusekile. Kata ya pili ikaanguka, na ya tatu. Kufika ya saba, yule wa magari alikuwa ameshavizima vipaza sauti vyake na kurudi kwao. Mwezi wa kumi Gwakisa akawa Mheshimiwa.

Vigoda vikangoja. Mwezi wa kumi na moja mawingu yalianza kukaa juu ya milima, na Mzee Ambilikile, aliyekuwa msimamizi wa magogo, akaja kwa Tusekile.

"Balozi, tukate miti?"

"Ngojeni kidogo, baba. Nakwenda mjini kumwona."

Alisubiri ofisini siku mbili. Siku ya tatu Mheshimiwa alimpokea kwa furaha ya kweli, akamwagizia soda, akamwuliza habari za nyumbani. Hakuwa mtu mbaya, ndilo jambo linaloniuma hadi leo. Mtu mbaya tungemkimbia mapema.

"Watu wanauliza utakuja lini," Tusekile alisema. "Vigoda bado vipo."

"Vigoda gani, mama?"

Tusekile akamtazama. Akaona hatanii. "Na daraja, Mheshimiwa. Mvua imekaribia."

"Mama yangu, nina kata saba. Mbili zina watu wengi kuliko hizo tano zikijumlishwa. Ikumbilo ilinipa mwanzo mzuri, siwezi kuikana. Lakini daraja linakwenda penye watu wengi. Labda mwaka wa nne, tuone."

"Lakini hukuaga."

Gwakisa akatabasamu. "Si wewe uliyeniambia nisiage?"

 Tusekile aliimaliza soda kwa sababu ni vibaya kuacha ulichopewa, akaondoka.

Njia nzima alipanga namna ya kuwaambia. Alipofika, Mzee Ambilikile na wenzake walikuwa wamemngojea barabarani, shoka mabegani. "Kasemaje?" wakauliza. Hapo ndipo kila kitu kilipoharibikia, wanangu. Angesema kweli wangemkasirikia siku tatu, kisha wangekwenda kukata miti. Lakini aibu ilimshinda. Ni yeye aliyekuwa amewaingiza watu wa nyumba arobaini na mbili katika kungoja, na hakuweza kuwaambia kwamba wanangoja hewa.

"Anakuja," akasema.

Mzee Ambilikile akashusha shoka. "Basi tusiweke magogo. Mtu anakuja kutujengea daraja, akute magogo, si ataona tumemdharau? Tumwachie mto wake."

Tusekile alilisikia hilo, akawapita akaenda zake nyumbani. Mvua ikaanza, na kila wiki alipania kusema, na kila wiki maji yalipanda kabla hajasema. Mwisho hapakuwa na faida tena. Hakuna awezaye kulaza gogo juu ya mto uliofura.

Uchungu ulimshika Lugano asubuhi moja ya mwezi wa pili, mvua ikinyesha. Wakamweka kwenye machela, wanaume wanne, wakafika Mbaso. Maji yalikuwa mekundu na yanakwenda na miti mizima. Walijaribu kamba, ikakatika. Walijaribu tena, wakakaribia kumpoteza kijana mmoja. Ng'ambo ya pili zahanati ilionekana, bati lake na mlango wake, na muuguzi amesimama kibarazani akiwatazama bila cha kufanya.

Mchana akina mama wakamzungushia Lugano khanga palepale ukingoni, na Tusekile akampokea mjukuu wake kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa wa kiume. Hakulia. Walimpangusa, wakampuliza, wakampigapiga nyayo. Hakulia.

Lugano alipopata nguvu ya kusema aliuliza jambo moja tu. "Mama, yule mtu alisema atakuja lini?"

Watu wote walikuwa wanasikia. Tusekile alimfunika mtoto uso, ndipo akajibu.

"Hakusema, mwanangu. Nilisema mimi."

Walizika jioni hiyo. Hakuna aliyemtukana Tusekile, na afadhali wangemtukana. Siku ya tatu ya msiba, Mzee Ambilikile aliingia uani kwake amebeba kigoda, akakiweka mbele ya mlango. "Balozi, hiki ni cha mgeni wako," alisema kwa sauti ya upole. "Sisi tumechoka kumngoja." Nyuma yake akaja mwingine na chake, na mwingine. Nyumba zote zikaja, mpaka vigoda arobaini na viwili vikawa vimejaa uani, vimeuelekea mlango wa Tusekile, na hakuna aliyekaa hata juu ya kimoja.

Alivitazama siku nzima. Kulipokucha akakitwaa cha kwanza, akakirudisha kwao.

"Hodi."

"Karibu."

"Sikai. Nimekuja kuaga badala ya yule mgeni. Kwaheri."

Akafanya hivyo nyumba baada ya nyumba, wiki nzima, kigoda kimoja kimoja, kwenye tope. Wengine walimjibu. Wengine walipokea kigoda wakafunga mlango. Cha mwisho kilikuwa cha nyumbani kwa Lugano. Lugano alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na wewe, mama, unaaga?"

Tusekile akamnyooshea kigoda, lakini hakuaga. Lugano akakichukua kigoda, akakiweka kibarazani, si ndani, akaingia zake. Kilibaki pale mvua ile yote. Alikuwa amemsamehe au la, sijui, na sikuthubutu kumwuliza.

Miaka mitano ilipokwisha, ratiba ilitoka, na Ikumbilo tukawa tena wa siku ya kwanza. Mheshimiwa alikuja na magari manne. Alikumbuka, hilo nalo tumpe. Aliteremka peke yake akaenda kwa miguu hadi mlango wa Tusekile, akapiga hodi mara tatu. Tusekile alikuwa ndani, na binti yake alikuwa naye. Aliyejibu ni binti.

"Hodi ya kura haina kwaheri," alisema, mlango ukiwa umefungwa. "Nenda, baba. Hapa ulishaagiwa."

Mheshimiwa akatembea nyumba arobaini na mbili. Hakuna aliyemtolea kigoda. Mwaka huo magogo yalilazwa mapema, na hadi leo yanalazwa kila mwaka, kama mnavyojua nyinyi mnaoyabeba.

Bibi mliyemcheka asubuhi ndiye Lugano. Kesho mkipita kwake kuteka maji, mtakiona kigoda kimoja cha zamani kibarazani, kimepasuka kwa jua. Msikikalie. Na msimwulize kitu. Mkumbuke tu alichosema: hodi ya kura haina kwaheri.