Kikapu cha Korongo

Nasema ngano inakuja!

Ije, njia ni nyeupe!

Hamtaniamini, najua. Bisheni basi. Wewe uliyekunja mdomo hapo mbele, bisha kabisa! Shule niliiacha darasa la nne, na msidhani ilinishinda, ni mimi niliyeishinda. Lakini ngano hii hakuna mwalimu anayeijua.

Zamani, zamani sana, kando ya mto uliojaa mamba, waliishi wanyama wenye adabu kupita kiasi. Kwao mgeni akifika hula kwanza. Kumuuliza jambo kabla hajashiba ilikuwa aibu ya ukoo mzima.

Siku moja akatua Korongo, miguu mirefu, shingo ya majivuno. Akala, akashiba, akasema, "Jamani, nchi isiyo na uwanja wa kutua ni kichaka tu. Nitengenezeeni uwanja. Nitawavusha wagonjwa wenu kwa mganga Kicheche, kule ng'ambo."

"Na wewe utataka nini?" akauliza Mwenyekiti Nyumbu.

"Mimi? Sina makuu. Kikapu kimoja cha mtama kila nikitua, kutoka ghala la wote. Muiite ruzuku."

Lo, neno hilo lilimkolea Nyumbu! Akaenda nalo hadi nyumbani: ruzuku, ruzuku, ruzuku.

Uwanja ukatafutiwa mahali. Na mahali penyewe ni wapi? Shamba la viazi la Mama Ngiri. Viazi vikang'olewa, ardhi ikasawazishwa. Ngiri akawaachia. Mwanawe wa mwisho alichomwa na mwiba, mguu umevimba kama boga, na mto hauvukiki. Akawaza, viazi nitapanda vingine, mtoto nitampanda wapi?

Jumatatu ya kwanza Korongo akatua. Vigelegele! Akala kikapu kizima. Ngiri akasogea na mtoto mgongoni.

"Shemeji," akasema Korongo akipangusa mdomo, "nimeshiba mno. Nitaanguka naye." Akaruka zake.

Jumatatu ya pili Korongo akatua. Vigelegele! Safari hii Ngiri alikuwa ameomba kikapu kipunguzwe, kikajazwa nusu. Korongo akala.

"Dada yangu, kwa nusu kikapu hiki nipate wapi nguvu za kubeba mtu?" Akaruka zake.

Ghala likaanza kuonyesha sakafu. Watoto wakawa wanakula mara moja kwa siku. "Lakini tuna uwanja!" Nyumbu akawatuliza. "Majirani wanao?"

Mtoto wa Ngiri naye akaacha kula kabisa. Mguu ukaanza kunuka.

Jumatatu ya tatu Korongo akatua. Akakuta Ngiri amekalia kikapu.

"Utakula ukirudi," Ngiri akasema.

Wanyama wakashika vichwa. Nyumbu nusura azirai. "Mama Ngiri! Unatuvua nguo! Mgeni afanye kazi na njaa?"

"Huyu mgeni gani? Mgeni haji kila Jumatatu."

Korongo akatazama kikapu. Akatazama mtoto. Akameza mate. Akambeba.

Alasiri mtoto akarudi mgongoni mwa Korongo, mwiba umetolewa, anaomba chakula. Korongo naye aliona aibu, akaondoka, hakuonekana tena. Pale uwanjani Ngiri akapanda viazi vyake.

Funzo ni hili: anayelishwa ili afanye kazi, aifanye kwanza ndipo ale. Mmesikia, nyinyi hodari wa vigelegele? Ngano yangu imetua hapo. Aliyeipenda aichukue, aliyeichukia aniachie mwenyewe.

Haya, haya, msinikodolee macho. Kuna kipande nimekiruka.

Si aibu iliyomfukuza Korongo. Aliporudi na mtoto, kikapu kilikuwa kitupu. Ngiri na majirani walikuwa wameula mtama wote, na Nyumbu, mwenye adabu zake, alikuwa bado analamba midomo. Korongo alisimama pale, akawatazama mmoja mmoja, akaruka zake.

Mvua zilizofuata akaugua mtoto wa Swala. Swala akambeba mpaka pale, akasimama katikati ya matuta ya viazi, akatazama juu siku tatu.